Kwa nini kilo ulizopunguza hurudi?

Wiki ya kwanza ya mlo wa kupunguza uzito huwa tamu. Mizani inashuka kilo 2, pengine 3, na mtu anaona njia amekwisha ipata. Sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji. Ini na misuli huweka akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, takribani gramu 400 hadi 500, na kila gramu hukaa na gramu 3 hivi za maji. Ukila kidogo sana au ukiacha wanga, akiba hiyo hutumika ndani ya siku chache, na maji yake hutoka na mkojo.

Mafuta huondoka taratibu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takribani kilokalori 7,700, kwa hiyo anayepunguza kilokalori 500 kwa siku huhitaji siku 15 hivi kuimaliza. Basi mizani ikishuka polepole wiki ya tatu, mara nyingi mafuta bado yanapungua, ila maji yameacha kutoka. Wengi hawalijui hilo. Hukata chakula zaidi, huruka milo, na baada ya siku kumi hivi njaa huwashinda.

Njaa hiyo si uvivu wala ulafi. Seli za mafuta hutoa homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman, New York, ambayo huujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua, leptini hushuka, na ghrelini, homoni ya njaa inayotoka tumboni, hupanda. Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2011 uliwafuata watu waliopunguza uzito kwa wiki 10. Mwaka mzima baadaye homoni zao zilikuwa bado zinadai chakula.

Watu hupenda kulaumu mwili kwamba umeacha kuchoma chakula. Ni kweli hupunguza matumizi, lakini tatizo kubwa haliko hapo. Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani walikadiria mwaka 2016 kwamba kwa kila kilo inayopotea, matumizi ya mwili hupungua kilokalori 20 hadi 30 kwa siku, ilhali hamu ya kula huongezeka kwa kilokalori 100 hivi. Aliyepunguza kilo 10 anachoma pungufu ya 200 hadi 300, huku mwili ukimvuta ale 1,000 zaidi ya alivyokuwa akila mwanzo.

Na mvuto huo hauji kwa kelele. Huja kama upawa uliojaa kidogo zaidi, kuonja mara mbili jikoni, kumalizia alichobakiza mtoto. Mwaka 1992, Marekani, walipimwa watu waliosema hawapungui ingawa wanakula chini ya kilokalori 1,200. Ikaonekana walikuwa wakiripoti karibu nusu tu ya walichokula, na wengi wao waliamini hesabu yao. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kilokalori 120 hivi. Vijiko vinne visivyopimwa vinakaribia kufuta ule upungufu wote wa 500.

Kosa jingine ni kupoteza misuli, jambo linalowapata hasa wanaopungua haraka bila mazoezi. Kula protini gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku (mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza), na fanya mazoezi ya kunyanyua au kusukuma vitu vizito mara 2 au 3 kwa wiki. Protini hushibisha pia, na hiyo ni nusu ya kazi.

Punguza kilokalori 300 hadi 500 tu kwa siku. Jipime kila asubuhi baada ya kwenda chooni, kisha linganisha wastani wa wiki kwa wiki, maana chumvi ya jana pekee yaweza kupandisha mizani kilo nzima. Ukifika uzito unaotaka, usirudi kwenye sahani ya zamani: ilitosha mwili ule mzito, na huu mpya inauzidi. Ongeza kilokalori 100 hivi kila wiki mpaka wastani utulie, na usiache kujipima. Wastani ukipanda kilo 2, anza tena kupima mafuta ya kupikia kwa kijiko wiki hiyo hiyo, kabla hazijawa kilo 6.