Sarafu za miji ya Kigiriki chini ya Roma: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu akiona uso wa kaisari kwenye kipande cha shaba, moja kwa moja huamini kimetoka Roma. Dhana hiyo imezaa nyingine nyingi, kwa hiyo tuanze nayo.

"Zote zilifuliwa Roma." Sivyo. Upande wa mashariki wa dola, kuanzia Ugiriki na Asia Ndogo (Uturuki ya leo) hadi Shamu, mamia ya miji ilifua shaba yake yenyewe, tena kwa maandishi ya Kigiriki. Dhahabu ilikuwa ya Roma, na denari za fedha vilevile. Chenji ya sokoni waliachiwa wenyeji. Upande wa mbele walimweka kaisari, kwa adabu. Upande wa nyuma mji ulijisemea. Efeso waliweka Artemi na hekalu lake, wakajigamba pia kwa idadi ya mahekalu ya makaisari waliyokabidhiwa kuyatunza, maana Smirna na Pergamo nao walikuwa kwenye mashindano hayohayo. Ukipanga sarafu za miji hii mitatu pamoja, unasikia kabisa majirani wakitambiana.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya Apamea, mji wa Frigia, eneo la Asia Ndogo. Enzi za kaisari Septimius Severus (193–211) na za baadhi ya waliomfuata, mji huo ulitoa shaba yenye Nuhu. Safina imechorwa kama sanduku la mraba, mume na mke wamo ndani yake wakichungulia nje, ndege ametua juu na mwingine anakuja na kitawi. Pembeni wawili haohao wamesimama nchi kavu, mikono juu. Jina la Nuhu limeandikwa kwenye sanduku lenyewe, herufi tatu za Kigiriki. Mji ule ulikuwa na Wayahudi wengi, na lakabu yake, Kibotos, ndiyo neno la Kigiriki linalotaja safina katika Agano la Kale. Roma isingebuni kitu kama hicho.

Magharibi, Hispania kwa mfano, miji iliacha kufua mapema, karibu na enzi za kaisari Claudius (41–54). Mashariki iliendelea hadi karne ya 3, fedha ya Roma ilipochakachuliwa mpaka shaba ya mji ikakosa maana. Aleksandria ya Misri ndiyo iliyodumu kuliko wote, hadi karibu 296.

"Hazina mwaka, kwa hiyo umri wake ni kubahatisha." Nyingi kweli hazina, ila Aleksandria iliandika mwaka karibu kila mara. Chukua tetradrakma (sarafu ya drakma nne) ya kaisari Nero, ya fedha iliyojaa shaba: nyuma kuna mwanamke aliyevaa ngozi ya kichwa cha tembo, naye ni mji wenyewe. Hapohapo, mbele ya uso wa mwanamke huyo, tafuta alama kama L, ikifuatwa na IB. L inaashiria mwaka, I ni kumi, B ni mbili. Mwaka wa 12 wa Nero. Mwaka wa Misri ulianza mwishoni mwa Agosti, na Nero alitawazwa Oktoba 54, hivyo "mwaka wa kwanza" wake ulikwisha Agosti 55. Hesabu mbele, utafika 65/66. Si haba kwa sarafu isemwayo haina tarehe.

"Yenye Kigiriki ni ya Wagiriki au ya Roma." Ufalme wa Aksum, Ethiopia na Eritrea za leo, ulifua dhahabu yenye Kigiriki tangu mfalme Endubis, mwishoni mwa karne ya 3. Haukuwahi kuwa jimbo la Roma. Wauzaji wengine huzichanganya, sijui ni uvivu au ni makusudi.

"Ya miaka 2,000 lazima iwe ghali." Hapana. Tetradrakma ya kawaida ya Nero huuzwa kwa makumi machache ya dola. Bei hufuata uchache, hali ya sarafu na idadi ya wanaoitaka.

"Isugue ing'ae." Usithubutu! Utando wa kijani au kahawia ulioshikana ndio unaoilinda shaba, na mnunuzi anayejua huukagua kabla ya picha. Ndimu na majivu viache jikoni. Cha kuogopwa ni unga wa kijani kibichi unaorudi kila ukipanguswa; huo ni dalili ya kloridi, chumvi za klorini, zinazoila shaba kutoka ndani, na sarafu hiyo itengwe na nyingine upesi.

"Nimeona nyingine sawasawa na yangu, basi ni halali." Huo ndio ushahidi mbaya kuliko wote. Sarafu hizi zilipigwa kwa nyundo, moja moja. Mbili zilizopigwa kwa muhuri mmoja, yaani chuma kimoja kilichochongwa picha, zina sura ileile, lakini ukingo, uzito na mahali picha ilipoangukia hutofautiana. Zikilingana hadi ufa na mkwaruzo, zimesubiwa kwenye kalibu moja.

"Aliyeokota ndiye mwenyewe." Nchini Uturuki, zilikokuwa Efeso na Apamea, kinachotoka ardhini ni mali ya serikali, na mtalii mwenye sarafu ya kale mfukoni anaweza kushikwa uwanja wa ndege. Mwaka 2021 Marekani nayo ilizibana sarafu za namna hii zilizotoka huko zisiingizwe nchini mwake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, muulize muuzaji ilikuwa kwa nani kabla yake, na kama ipo risiti ya mnada wa zamani. Akianza kuzungukazunguka, mrudishie.