Naitrojeni ya udongo: vijidudu hula kwanza, mti husubiri

Ukichanganya vumbi la mbao na udongo wa shimo la kupandia, wiki chache baadaye majani ya chini ya mche, yaani yale makuukuu, huanza kugeuka manjano. Wengi hukimbilia kumwagilia. Mara nyingi si maji: bakteria na kuvu wameiwahi naitrojeni kabla ya mizizi.

Mwili wa kijidudu una takriban sehemu 8 za kaboni kwa 1 ya naitrojeni. Katika kila sehemu 3 za kaboni anazokula, karibu 2 huishia kwenye pumzi na 1 tu ndiyo hujenga mwili. Kwa hiyo chakula kinachomtosheleza kina uwiano wa 24 kwa 1 hivi. Majani mabichi ya mikunde yako chini ya hapo, ndiyo maana yakioza huachia naitrojeni. Vumbi la mbao hufika 400 kwa 1, na pengo hilo kijidudu hulijaza kwa kuchota udongoni.

Chukua kilo 100 za vumbi kavu. Kaboni yake ni kama kilo 50. Theluthi ni kilo 17. Gawa kwa 8, unapata deni la kilo 2 za naitrojeni, ilhali vumbi lenyewe halina hata robo kilo. Deni halidaiwi lote siku moja, kwa kuwa lignini, ile sehemu ngumu ya mbao, huchelewa kuoza. Kilo 2 za urea, zenye naitrojeni karibu kilo 1, zinatosha kuanzia, ila uchanganye na vumbi lililoloweshwa na kuliacha lioze kando kwanza. Urea mbichi ikikaa karibu na mizizi, amonia huiunguza.

Mimi nisingelifukia kabisa. Litandaze juu, unene wa sentimita 5 hadi 10, mbali kidogo na shina, na ugomvi utabaki pale vumbi linapogusana na udongo.

Mti nao haushindwi moja kwa moja. Kijidudu ana mbio lakini hadumu. Akifa, au akiliwa na protozoa, yaani vijidudu wanaokula bakteria, sehemu ya naitrojeni yake hurudi udongoni kama amoniamu, naitrojeni ambayo mizizi inaweza kuinyonya, na kila mzunguko mzizi hujipatia fungu ambalo mti hulishikilia kwa miaka. Kuvu wa mikoriza, wanaoishi kwenye mizizi na ambao husifiwa kama watumishi wa mti, naitrojeni ikiwa haba huweza kujilimbikizia wenyewe.

Kipimo cha naitrojeni ya udongo nacho hudanganya. Udongo ulioachwa kwenye mfuko kwenye joto hauna tena mizizi hai ya kunyonya, vijidudu wanaendelea na kazi, na naitreti, aina nyingine ya naitrojeni inayonyonywa na mizizi, hupanda. Uweke kwenye barafu papo hapo, kisha uuchuje kwa myeyusho wa kloridi ya potasiamu siku hiyohiyo. Namba ndogo pia isikutishe: huenda naitrojeni inazalishwa kwa wingi na kuliwa kwa kasi ileile.