Miezi Miwili Tu: Jinsi Kijiji Kinavyofikisha Jambo Lake Arusha, Washington na Geneva

Mambo ya kimataifa mara nyingi huanzia kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Barabara inapanuliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mpaka wa hifadhi unasogezwa, bomba la mafuta linapita shambani. Nyuma ya kila tangazo la namna hiyo kuna mkataba, na ndani ya mkataba huo mara nyingi kuna mahali ambapo mwananchi wa kawaida ameruhusiwa kubisha hodi. Watu wengi hudhani kinachowakwamisha ni umbali. Ukisoma hukumu zenyewe utaona kesi nzito zimefia kwenye kalenda.

Tuanze Arusha, maana hapo ndipo watu hupotea mapema. Mji ule una mahakama mbili zinazochanganywa kila siku. Moja ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ya Umoja wa Afrika. Hiyo huwezi kuiendea moja kwa moja kama nchi yako haijatoa tamko la kuruhusu wananchi wake. Tanzania ililiondoa tamko lake, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa kesi mpya za watu binafsi. Kenya na Uganda hazikuwahi kulitoa. Nyingine ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ya Jumuiya, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake EACJ. Kwa hii, Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kuhoji uhalali wa sheria, uamuzi au kitendo cha serikali. Si lazima uwe raia, ukazi unatosha. Anayeshtakiwa ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali husika au chombo cha Jumuiya. Kampuni iliyopita na tingatinga shambani kwako haishtakiki hapo.

Sasa kalenda. Ibara hiyohiyo inatoa miezi miwili tangu sheria, uamuzi au kitendo kitokee, au tangu siku mlalamikaji alipopata habari zake. Kwa lugha ya darasani, tangazo likitoka tarehe 10 Machi, mwisho wako ni tarehe 10 Mei. Wewe jiwekee tarehe 25 Aprili, kwa sababu wakili naye ana kesi nyingine na hati ya kiapo itarudishwa angalau mara moja kwa kukosewa jina au tarehe.

Mahakama haina huruma na jambo hili. Katika kesi ya mateso na mauaji ya Mlima Elgon nchini Kenya, Divisheni ya Rufaa iliamua mwaka 2012 kwamba hoja ya "ukiukaji unaoendelea" hairefushi miezi miwili. Kesi ya bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Tanga ilifunguliwa mwaka 2020. Novemba 2023 Divisheni ya Awali iliitupa bila kuingia kwenye hoja za mazingira, ikisema walalamikaji walipaswa kuja tangu mwaka 2017, serikali zilipotiliana saini. Yaani saa ilianza kuhesabu kalamu ilipogusa karatasi, tingatinga bado halijawashwa.

Hapo kuna mtego ambao hata mawakili wazoefu huuingia. Ukienda Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, sharti kwanza umalize mahakama za nyumbani, isipokuwa uonyeshe kuwa zimecheleweshwa kupita kiasi. EACJ haina sharti hilo. Kwa hiyo anayesema "tusubiri kwanza Mahakama Kuu iseme" anaweza kuwa anafuata utaratibu wa Banjul huku miezi yake miwili ya Arusha ikiyeyuka. Amueni njia mapema, tena kwa maandishi.

Jambo la pili ni namna ya kuliita kosa. EACJ haikupewa rasmi mamlaka ya kesi za haki za binadamu, hivyo dai likiandikwa "haki yangu ya binadamu imevunjwa" na kuishia hapo, litapingwa asubuhi ya kwanza. Liandikwe kama uvunjaji wa Mkataba wenyewe: Ibara ya 6(d) na 7(2), zinazoongelea utawala wa sheria na utawala bora. Mwaka 2007, katika kesi ya Katabazi na wenzake dhidi ya Uganda, mahakama ilisema haitakwepa kazi yake ya kutafsiri Mkataba eti kwa sababu tu jambo lililoletwa linagusa pia haki za binadamu. Njia hiyo imetumika tangu wakati huo. Mazingira nayo yana ibara zake. Juni 2014 mahakama iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti, kwa kesi iliyoletwa na shirika la wapenda wanyama la Nairobi.

Kisha ushahidi, na hapa ndipo kijiji chenyewe kina kazi kuliko wakili. Vijiji vinne vya Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, yaani Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash, vilifungua kesi mwaka 2017 kupinga kuondolewa kwa nguvu. Mwaka 2018 vilipata amri ya muda ya kusimamisha uondoaji. Lakini Septemba 2022 Divisheni ya Awali ilitupa kesi, ikisema haikuthibitishwa kwamba maboma yaliyochomwa yalikuwa kwenye ardhi ya kijiji, si ndani ya hifadhi. Novemba 2023 rufaa ikairudisha kesi isikilizwe upya. Miaka yote hiyo ilizunguka swali moja: tukio lilikuwa wapi hasa?

Kwa hiyo faili la kijiji lianze siku ileile. Piga picha ya tangazo likiwa bado ubaoni, tarehe na muhuri vionekane. Kila boma lililoguswa, fungua ramani kwenye simu, bonyeza mahali uliposimama, namba mbili zitokee (latitudo na longitudo), uziandike kwa mkono kwenye daftari pamoja na jina la mwenye boma na saa. Simu hupotea na hunyang'anywa, daftari lina uhai mrefu zaidi. Weka nakala ya Cheti cha Ardhi ya Kijiji na ramani yake. Mpimaji mwenye leseni ya nchi mliyomo atazipitia baadaye, na leseni si jambo la kupuuza, maana upande wa pili utaiulizia. Mwisho, muhtasari wa mkutano uliowatuma wawakilishi, wenye orodha ya mahudhurio na saini. Mawakili wa serikali hupenda kuuliza "nani aliwatuma?", na swali hilo limekwisha tikisa kesi zilizokuwa na hoja nzuri.

Neno moja kuhusu lugha: Kiswahili tunakienzi, lakini Ibara ya 46 inasema lugha ya mahakama ni Kiingereza. Andikeni maelezo ya mashahidi kwa Kiswahili wanachokisema, wayasainie hayo, ndipo yatafsiriwe na mtafsiri naye aape. Shahidi akisaini karatasi ya Kiingereza asiyoielewa, ataumbuka akihojiwa.

Washington ni rahisi kuliko inavyosikika. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, lililoundwa mwaka 1993, hupokea malalamiko ya watu wawili au zaidi wa eneo la mradi. Wakili si lazima, Kiswahili kinakubalika, na majina yanaweza kufichwa mkiomba. Yanayotakiwa ni manne: mradi upi, madhara gani, nani ameathirika, na mlikwisha kuwaeleza lini watumishi wa Benki bila kupata jibu la kuridhisha. Hilo la nne ndilo husahaulika. Barua kwa mkuu wa wilaya haihesabiki, kwa kuwa yeye si mtumishi wa Benki. Kwa miradi mipya dirisha hubaki wazi hadi miezi 15 baada ya mradi kufungwa. Hakikisheni kwanza fedha ni za Benki kweli, kwani mradi wake huwa na namba inayoanza na herufi P ikifuatwa na tarakimu 6.

Ubora wa barua uko kwenye sentensi. "Mradi umetunyanyasa sana" haimpi mkaguzi pa kuanzia. "Tarehe 14 Julai, saa 4 asubuhi, askari wa hifadhi walichukua ng'ombe 23 wa kaya tatu ng'ambo ya mto, risiti ya faini imeambatishwa" inampa pa kwenda na kitu cha kudai. Njia hii imewahi kuzaa matokeo. Desemba 2015 Benki ilifuta ufadhili wa mradi wa barabara ya Kamwenge nchini Uganda baada ya wakazi kulalamikia ukatili wa kingono dhidi ya wasichana. Mwaka 2024 ilisimamisha malipo ya REGROW, mradi wa utalii na uhifadhi wa kusini mwa Tanzania wa dola milioni 150, kufuatia malalamiko ya wakazi wa jirani na Hifadhi ya Ruaha. Kusimamisha malipo, hata hivyo, si kurudisha ng'ombe. Fidia hudaiwa kivyake.

Geneva ni ya wale wanaotaka sera ibadilike kuliko kesi moja. Katika Mapitio ya Hali ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, kila nchi hukaguliwa takriban kila miaka minne na nusu. Vikundi vya kiraia huweza kutuma andiko: kikundi kimoja kinaruhusiwa maneno 2,815, na vikundi vilivyoungana maneno 5,630. Andiko hutakiwa miezi kadhaa kabla ya kikao, kwa hiyo ukisikia redioni kwamba serikali yako iko Geneva, umeshachelewa. Maandiko yote hufupishwa na sekretarieti hadi kurasa chache, ndiyo maana pendekezo la mistari miwili linalotaja sheria kwa jina na kifungu huokoka, na kurasa tatu za historia ya ukoloni hukatwa. Baadaye serikali hujibu kila pendekezo: inalikubali, au "inalizingatia" tu, neno la kidiplomasia la kukataa. Chukueni orodha ya yaliyokubaliwa, mwiteni mbunge kwenye mkutano wa hadhara, na mmuulize la kwanza limefikia wapi.