Je, wajua kwa nini programu mbili hupima kilima kimoja cha chumvi na kutoa majibu mawili?

Ukivuka daraja la Sabaki kutoka Malindi na kushika njia ya Garsen, hauchukui muda kabla ya kuona weupe upande wa bahari. Ni mashamba ya chumvi ya Gongoni, Ngomeni na Marereni: mabwawa mapana ya maji ya bahari yaliyoachiwa jua na upepo, na kando yake vilima vya chumvi ghafi vinavyosubiri kusafishwa na kusagwa. Masika yanapokaribia, kila mwenye kiwanda hutaka kujua ana tani ngapi uwanjani. Benki inataka kujua, mkaguzi wa hesabu anataka kujua, na kontrakta anayelipwa kwa mita ya ujazo aliyosomba anataka kujua kuliko wote.

Njia ya zamani ni mpimaji kupanda kilima na fimbo yake, akisimama hapa na pale kuchukua nukta. Chumvi huteleza, na ubavu uliochotwa na shoveli unaweza kuporomoka na mtu juu yake. Hatari ya namna hiyo ndiyo iliyozaa upimaji wa kutumia picha. Mwaka 1858 Mjerumani Albrecht Meydenbauer, akipima kanisa kuu la Wetzlar kutoka juu, aliponea chupuchupu kuanguka. Tangu hapo akawa anasisitiza kwamba jengo lipimwe kwenye picha badala ya mtu kulitambaa kutani. Droni inayoruka leo juu ya chumvi inafuata wazo hilohilo.

Lakini wengi wanaonunua programu ya kuchakata picha hizo hawaambiwi jambo moja mapema. Picha zilezile, za droni ileile, zikiingizwa katika programu mbili, zinaweza kutoa ujazo unaopishana kwa mamia ya tani. Na huenda hakuna programu iliyokosea hesabu.

Tuanze na jinsi picha inavyogeuka kuwa urefu. Droni hupita juu ya uwanja kwa mistari, ikipiga picha zinazopandana: kila picha hurudia takriban asilimia 75 hadi 80 ya eneo la picha iliyotangulia, na asilimia 60 hadi 70 ya mstari wa jirani. Kwa hiyo jiwe moja dogo huonekana katika picha nyingi, kila mara kutoka pembe tofauti kidogo. Programu hutafuta vialama vinavyojirudia (ufa, alama ya tairi, donge lenye kivuli), huvioanisha, kisha hukokotoa kamera ilikuwa wapi kila picha ilipopigwa na kila kialama kiko wapi angani. Mamilioni ya nukta hizo hufanya kile wapimaji wanachokiita wingu la nukta, na juu yake hutandazwa sura ya ardhi yenye urefu wake.

Kadiri droni inavyoruka chini ndivyo pikseli moja inavyofunika eneo dogo. Kamera ya kawaida ya megapikseli 20 yenye kihisi cha inchi moja, ikiwa mita 60 juu, pikseli yake hufunika karibu sentimita 1.6 ardhini, ikipanda hadi mita 120 hufunika mara mbili ya hapo. Kosa la urefu, kazi ikifanywa vizuri, huwa kati ya pikseli moja na nusu na tatu. Anayekuahidi usahihi wa milimita kwa picha za mita 120 mwache aende zake.

Sasa chumvi yenyewe. Ni mojawapo ya vitu vigumu kupimwa kwa picha, kwa sababu programu huishi kwa kutafuta tofauti, na uso mweupe usio na doa hauna tofauti. Saa sita mchana picha huungua: weupe wote unakuwa mmoja, vialama vinapotea, na kwenye wingu la nukta yanatokea mashimo au mabonde ambayo hayapo. Dawa ni kurusha saa mbili au saa tatu asubuhi, jua likiwa bado pembeni na kila donge lina kivuli chake, kupunguza mwanga wa kamera kuliko inavyojipangia yenyewe, na kupandanisha picha hadi asilimia 85. Maji ya mabwawani nayo humeremeta na kutikisika, kwa hiyo kingo za kilima kinachogusa maji zikaguliwe kwa jicho la mtu. Katika timbo la mawe au shimo la mchanga shida hii karibu haipo, maana mawe yana sura za kila aina. Kwa hiyo programu iliyosifiwa na mwenye timbo isinunuliwe kwa ajili ya chumvi kabla ya kujaribiwa kwenye chumvi.

Picha zikishatoka vizuri, tofauti kubwa ya majibu haitokani na juu ya kilima. Inatokana na chini yake.

Wazee wetu walipouziana nafaka kwa vibaba, vinne kwa pishi, walikubaliana kwanza kama kibaba ni cha mfuto au cha tele, yaani kinasawazishwa mdomoni au kinarundikwa. Juu ndiko kulikokuwa na ugomvi. Kwa kilima cha chumvi ugomvi umehamia chini, kwa sababu droni inaona juu tu. Sakafu imefunikwa, na programu inalazimika kuikisia.

Programu hukisia kwa njia kadhaa. Ya kwanza huchukua nukta ya chini kabisa ya mpaka uliouchora na kutandaza sakafu bapa hapo. Ya pili hutafuta bapa lililolala kwa wastani kati ya nukta zote za mpaka, hata kama limeinama. Ya tatu huunganisha nukta za ukingo kwa pembetatu, sakafu ikapanda na kushuka kufuata ukingo. Ya nne hutumia urefu uliouandika mwenyewe. Na ya tano, ambayo kwangu ndiyo ya kuaminika kuliko zote, hutumia upimaji wa uwanja uleule ulipokuwa mtupu.

Tufanye hesabu. Chukua uwanja wa mita 50 kwa 40, umeinama asilimia moja tu kwa ule urefu wa mita 50 ili maji ya mvua yatoke. Mwinamo huo mtu akitembea hauoni, lakini kati ya mwisho mmoja na mwingine ni nusu mita. Programu ikiweka sakafu bapa kwenye nukta ya chini kabisa, itahesabu udongo wa uwanja kuwa chumvi, kwa wastani wa sentimita 25 juu ya eneo la mita 2,000 za mraba. Hizo ni mita 500 za ujazo. Chumvi ghafi ina uzito wa takriban tani 1.2 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo zimeingia tani 600 zisizokuwepo. Programu ya pili, iliyotumia pembetatu za ukingo, haitazihesabu. Picha ni zilezile, na kila programu imejibu swali ililoulizwa.

Umbo la rundo nalo lina neno lake. Kilima cha umbo la pia, chenye nusu kipenyo cha mita 20 na kimo cha mita 12, kina karibu mita 5,000 za ujazo. Sakafu ikikosewa kwa sentimita 10 kosa ni kama asilimia 2.5. Chumvi ileile ukiitandaza unene wa mita moja, kosa la sentimita 10 linakuwa asilimia 10. Kwa hiyo mwenye marundo mapana na mafupi ana haja kubwa zaidi ya programu inayoweza kushika sakafu iliyopimwa kabla. Na vilima vya chumvi hukaa mahali pamoja msimu baada ya msimu, mpaka gamba gumu linajijenga chini yake na ardhi inabonyea kwa uzito. Uwanja upimwe unapobaki mtupu hata kwa siku moja, na faili hiyo itunzwe kama hati ya shamba.

Kuna kosa jingine lisiloonekana kwa macho: urefu kutoka wapi? Setilaiti za GPS hazijui usawa wa bahari. Hupima kutoka kwenye umbo laini la dunia lililotengenezwa kwa hesabu, na kwa kuwa mvutano wa dunia si sawa kila mahali, umbo hilo na usawa wa bahari haviendi pamoja. Pwani yetu tofauti ni kubwa. Kituo cha kudumu cha kupokea mawimbi ya setilaiti hapa Malindi, ambacho wanasayansi wa nchi nyingi hukitegemea, kina urefu wa takriban mita 20 chini ya sufuri kwa hesabu hiyo, na kiko nchi kavu. Eneo hili si geni kwa mambo ya anga: ni kutoka jukwaa la Waitaliano katika bahari ya Ngomeni ambapo setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Upimaji wa Januari ukiwa katika urefu wa setilaiti na wa Aprili katika usawa wa bahari, kilima kitaonekana kimeruka. Kosa la makumi ya mita hujitangaza lenyewe. La kuogopwa ni la sentimita 15, linalotokana na alama za ardhini (vibao vinavyowekwa chini vionekane kwenye picha) kupimwa kwa mfumo mmoja na droni kwa mwingine. Programu iruhusu uchague mfumo wa ramani (kwa Malindi na Lamu ni ukanda wa 37 Kusini wa UTM, gridi ya ramani inayogawa dunia kwa kanda), na itaje mfumo wa urefu waziwazi kwenye ripoti.

Tukija kwenye majina, Pix4D ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 2011, hutoa chaguo nyingi za sakafu na huambatanisha ujazo na kiwango cha kosa, jambo ninalolipenda sana. Metashape ya Agisoft, iliyokuwa ikiitwa PhotoScan, hufanya kazi kwenye kompyuta yako bila intaneti na huweza kuondoa sura moja ya ardhi kutoka nyingine ili kupata tofauti yake. Lakini toleo la bei ya chini halipimi ujazo, lazima lile la wataalamu. DroneDeploy na Propeller huchakata kwenye seva zao. Propeller, ya Australia, imejengwa kwa ajili ya migodi na ujenzi, na kulinganisha upimaji wa mwezi huu na uliopita ndiyo kazi yake kuu. WebODM ni ya bure, huendeshwa kwenye kompyuta yako na hupima ujazo. CloudCompare, ya bure pia, hulinganisha mawingu mawili ya nukta kwa ustadi mkubwa.

Kwa Gongoni au Ngomeni ningeangalia mtandao kwanza. Picha 600 za megabaiti 8 ni karibu gigabaiti 5, na kuzipandisha kwa bando la simu ni kazi ya usiku kucha, pengine ianze upya asubuhi. Asiye na intaneti ya uhakika achukue programu ya kukaa kwenye kompyuta, na fedha alizookoa aziweke kwenye mashine yenye kumbukumbu ya RAM ya gigabaiti 32 au zaidi. Vijana wanaoanza kazi ya kupima matimbo ya mawe au mchanga waanze na WebODM na CloudCompare, wajue kila hatua, kabla ya kulipia leseni ya kila mwaka. Kiwanda kikubwa chenye kontrakta wa kulipa kila mwezi ningekishauri kilipie, kwa sababu kumbukumbu ya kila upimaji inabaki mahali pamoja na ubishi unamalizika mbele ya skrini.

Picha nzuri ya pande tatu inayozungushwa kwa kipanya isikuhadae. Muulize muuzaji mambo mengine. Naweza kuondoa buldoza lililoegeshwa juu ya rundo? Mkanda wa kusombea chumvi ulioning'inia hewani, programu itajaza nafasi iliyo chini yake na kuihesabu? Ulainishaji wa uso naweza kuuzima, ili vilele visikatwe? Faili zangu naweza kuzitoa zote nikihama? Akisitasita kwenye hilo la mwisho, tafuta mwingine.

Kabla ya kurusha chochote, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya inadai usajili na kibali chini ya kanuni za mwaka 2020, na droni isipite futi 400 juu ya ardhi, yaani takriban mita 120. Malindi ina uwanja wa ndege na Ngomeni ina kituo cha anga, kwa hiyo ruhusa iulizwe mapema.

Kisha ijaribu programu kwa chumvi yako mwenyewe. Pitisha malori kadhaa kwenye mizani ya kiwanda, yamwage rundo moja kwenye sakafu uliyoipima ikiwa tupu. Weka vibao vya alama vyeusi au vya rangi ya chungwa kuzunguka rundo, vichache uvifiche programu isivijue, uvitumie kukagua tu. Rusha droni mara mbili asubuhi hiyohiyo, chakata kila mara peke yake. Majibu mawili yakikaribiana, na alama za ukaguzi zikakaa ndani ya sentimita chache, programu inafaa. Gawanya tani za mizani kwa ujazo uliopatikana, utapata pia uzito halisi wa mita moja ya ujazo ya chumvi yako ikiwa na unyevu wake wa siku hiyo, na huo ndio utakaouandika kwenye ripoti badala ya 1.2 ya vitabuni.