Aliyekuambia injini mpya lazima ibane, alipima na nini?

Jumanne hii ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Chalii mmoja wa Sakina, hapa Arusha, alikuja gereji kuangalia injini yake, EJ20 ya turbo iliyotoka kwenye Subaru Impreza. Ilikuwa juu ya stendi, pistoni zote zimeshaingia, hedi, kile kifuniko cha silinda, bado. Alikuja na mjomba wake. Nikamwamkia mzee, akaitikia, akaomba rasheti, akazungusha kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa mkono wake mwenyewe. Ikazunguka. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Fundi, mbona imelegea hivi? Injini ikifungwa upya inabana. Sisi zamani gari likitoka ovahoo lilikuwa linavutwa na lori ndiyo liwake."

Na dogo naye akadakia: "Kaka, au umerudishia ringi zile zile?" Ringi ni zile pete za chuma zinazozunguka pistoni.

Nilieleza kwa heshima, nusu saa nzima, na bado waliondoka na mashaka. Kwa hiyo leo naandika, ili mwingine akija nimpe simu asome akiwa amekaa kwenye benchi.

Gari kuvutwa na lori baada ya ovahoo ni kweli. Nimeliona nikiwa mwanafunzi wa gereji, na wakati ule nilidhani ndiyo sifa ya fundi. Lakini kinachobana pale ni chuma kinachosugua chuma. Kila mzunguko wa kwanza unakwangua kitu, na kilichokwanguliwa hakiyeyuki hewani. Kinaingia kwenye oili, oili inakipeleka kwenye beringi, zile bati za mviringo ambamo kranki inazungukia, na uso wa beringi ni laini makusudi, kwa hiyo unakimeza na kubaki nacho. Mtu anayekuambia "itajilegeza yenyewe ikitembea" anakuambia kwamba kazi ya kuchonga ambayo haikufanyika kwenye mashine itafanywa na pistoni zako mpya, kwa gharama yako, huku ukiwa barabarani. Hii kauli ndiyo inayonikera kuliko zote. Nimeshafungua injini za watu walioambiwa hivyo, na beringi zake zilikuwa zimechanika mistari kama kioo kilichopitishwa msumari.

Sasa, injini ya nguvu. Mteja anataka turbo ipulize zaidi. Nguvu zaidi ni hewa zaidi na petroli zaidi, na vyote viwili mwishowe ni joto. Joto linakuza chuma, na pistoni ni aluminiamu, ambayo inakua karibu mara mbili ya chuma. Fanya hesabu hii ndogo: pistoni ya EJ20 ina kipenyo cha mm 92. Ipashe nyuzi 100 juu ya ilivyokuwa asubuhi, itapanuka takriban mm 0.2. Silinda nayo inapanuka, lakini kidogo kuliko hapo, kwa sababu haifikii joto la pistoni na ukuta wake wa ndani ni chuma cha kumimina. Ile tofauti lazima uwe umeiachia nafasi kabla, injini ikiwa baridi. Usipoiachia, pistoni itaitafuta yenyewe kwenye mlima, gia ya tatu, turbo imejaa. Hapo ndipo injini inaponoki, yaani inakwama, na mwenye gari anasema Subaru ni mbovu.

Waulize wapagazi wa Kilimanjaro kuhusu viatu. Hakuna anayekushauri upande mlima na buti linalobana ukiwa bado Marangu getini. Mguu utavimba, na siku ya kushuka vidole vitasukumwa mbele. Buti zuri lina nafasi uliyoipima, na mguu ukivimba unaijaza. Injini ni hivyo hivyo, ila nafasi yake inajazwa na oili.

Na ni ndogo. Watu wakisikia neno "nafasi" wanafikiria kitu cha kuchezacheza. Kwenye beringi za konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, mimi naacha kati ya mm 0.040 na 0.050. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hapo. Hutauhisi mchezo huo kwa mkono. Utahisi tu kwamba kranki inazunguka laini, kwa sababu inaelea juu ya oili.

Hapa sasa inabidi nigeukie kundi la pili, maana lipo na linakua. Ni vijana waliosikia kwamba injini za mashindano "zinafungwa loose", basi wanataka kila kitu kilegee. Hapana. Kila sehemu ina hesabu yake.

Chukua beringi kuu za kranki kwenye hii EJ. Bloku ni aluminiamu, kranki ni chuma. Injini ikipata moto, tundu la bloku linapanuka kuliko kranki, kwa hiyo nafasi inaongezeka yenyewe. Kwa hesabu ya karatasi, kutoka nyuzi 20 mpaka 90, tundu la mm 60 linapata karibu mm 0.045 za ziada. Halisi ni pungufu ya hapo, lakini zinaongezeka. Ndiyo maana kitabu cha kiwanda kinataka mm 0.010 hadi 0.030 tu pale, ikiwa baridi. Konrodi ni habari nyingine: ni chuma juu ya chuma, vinakua pamoja, nafasi uliyoiacha asubuhi ni karibu ile ile utakayokuwa nayo kwenye moto. Fundi akikuwekea mm 0.045 kwenye beringi kuu kwa sababu alisikia kulegea ni kuzuri, injini ikichemka oili itavuja pembeni na presha itashuka ukiwa umesimama kwenye taa za barabarani. Halafu atakuambia weka oili ya 20W-50. Oili nzito inainua sindano ya geji tu. Nafasi iliyokosewa inabaki pale pale, na asubuhi ya Julai hapa Arusha oili hiyo inachelewa kufika kwenye turbo.

Kwenye pistoni, yote yanategemea umenunua ipi. Pistoni ya kiwandani ina silikoni nyingi ndani yake, haikui sana, inakaa karibu na ukuta, na iko kimya. Zilizofuliwa (forged) ziko za aina mbili kubwa. Aloi ya 4032 ina silikoni karibu asilimia 12, kwa hiyo bado imetulia. Aloi ya 2618 haina silikoni ya maana, ni ngumu kupasuka, inavumilia injini ikigonga kwa petroli kulipuka vibaya ndani ya silinda, lakini inakua sana. Hiyo ya pili naipa mm 0.08 kwa silinda ya mm 92, nikifuata karatasi iliyokuja ndani ya boksi. Karatasi ile isomwe. Nimeletewa pistoni bila karatasi, eti ilitupwa, na nikaulizwa kama siwezi kukadiria. Siwezi.

Matokeo yake ni kwamba pistoni za 2618 asubuhi zinasikika. Tok-tok-tok, dakika mbili tatu, halafu kimya. Mteja anapiga simu saa moja asubuhi kutoka Njiro, ana wasiwasi: "Fundi, inagonga!" Kaka, nilikueleza siku unalipia. Ikiendelea kugonga ikiwa imeshapata moto, hapo zima, niite.

Na hii ndiyo sababu ninakataa kutoa themostati, ile valvu inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate moto. Nafasi zote nilizozitaja zimepangwa injini ikiwa kwenye joto lake, nyuzi 80 na kitu. Ukitoa themostati, hasa kwa baridi la huku, unaendesha injini ambayo pistoni zake hazijafikia saizi yake. Zinapiga ukuta, petroli inashuka kwenye oili. Kama gari linachemsha, tafuta kinachochemsha.

Ringi: ule mwanya kati ya ncha mbili. Pistoni ina moto zaidi, ringi inarefuka zaidi, ncha zikikutana hazina pa kwenda. Zinasukuma ukuta, ringi inavunjika au inaondoka na kipande cha pistoni. Kwa gari la kawaida mm 0.37 hivi zinatosha kwa silinda hii. Kwa turbo iliyoongezwa naenda kwenye 0.50, kila ringi ndani ya silinda yake, kwa fila geji, vile vibati vya kupimia mianya. Mwanya mkubwa kidogo unakula oili kidogo. Mwanya mdogo kidogo unakula injini.

Sasa nirudi kwa mzee na rasheti yake, kwa sababu kwa upande mmoja alikuwa sahihi. Injini yenye ringi mpya ina uzito kuliko iliyochoka. Ringi zinasukuma ukuta, na ukuta una mikwaruzo mipya ya honi, lile jiwe la kusawazisha silinda. Uzito huo upo na unapaswa kuwepo. Tofauti ni namna unavyokuja. Nikizungusha kranki peke yake, kabla ya konrodi, nataka izunguke kwa vidole viwili. Konrodi zikiingia, bado vidole. Pistoni na ringi zikiingia ndipo nashika spana ya toki ndogo na kusoma inahitaji kiasi gani kuzunguka, nyuzi zote 360. Nataka usomaji ule ule mwanzo hadi mwisho. Ikinata sehemu moja halafu ikaachia, kuna kitu: konrodi imepinda, beringi imekaa vibaya, au silinda si duara. Nafungua, hata kama ni saa mbili usiku. EJ inakuadhibu mapema hapa, kwa sababu bloku yake ni nusu mbili zinazofungwa pamoja, na pini za pistoni unaziingiza kupitia matundu ya pembeni huku ukizungusha kranki mpaka kila pini ilingane na tundu lake. Injini inayobana unaitambua hapo hapo, kwa jasho.

Silinda kuwa duara nako si jambo la kudhania. Ukikaza boliti za hedi, kuta za silinda zinahama kidogo. Kwenye bloku ambazo silinda zake zimesimama bila kushikwa juu, zinahama zaidi. Kwa hiyo honi inapigwa bamba nene la chuma likiwa limekazwa mahali pa hedi. Nilichongesha langu Unga Limited, na tangu nianze kulitumia, vipimo vyangu vya juu na chini ya silinda vinakubaliana kwa namna ambayo havikuwahi kabla.

Kuna mambo mawili sina uhakika nayo. La kwanza ni namna ya kulainisha injini mpya. Walionifundisha walisema kilomita 1,000 polepole. Mimi siku hizi natoka nayo Arusha hadi Moshi na kurudi, kilomita kama 160, kwa mzigo wa wastani na kuachia gesi nikishuka, kisha namwaga oili. Ringi zangu zinakaa vizuri, lakini zipo zilizolainishwa polepole ambazo nazo zimekaa vizuri.

La pili linaniuma. Injini moja niliyofunga kwa vipimo hivi hivi ilirudi baada ya kilomita 9,000, beringi moja ya konrodi imefika kwenye shaba. Nafasi ya konrodi ilikuwa upande wa juu, karibu na 0.050. Bomba la kunyonya oili, ambalo kwenye EJ linajulikana kupasuka kwenye welding, lilikuwa na ufa. Na kichwa cha pistoni kilikuwa na alama za kugonga. Sababu tatu, na zote zinaweza kuleta ugonjwa huo huo. Tangu hapo nalenga katikati ya kipimo na bomba nabadilisha kila mara. Ni ipi iliyoua ile injini, nimeacha kujidai ninajua.

Haraka niseme la hewa. Arusha tuko takriban mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni pungufu kama asilimia 15. Turbo ikikuonyesha baa 1 kwenye geji hapa, imefanya kazi kubwa kuliko Dar, kwa sababu imeanzia chini, na hewa inatoka na joto zaidi. Ukichanganya na ramani ya kompyuta ya injini, ile inayopanga petroli na cheche, iliyoandikwa kwa petroli kali ya Japani, injini itagonga, na hakuna nafasi ya beringi itakayokuokoa. Ramani iandikwe upya, kwa petroli ya hapa, hapa.

Ile injini ya chalii wa Sakina niliifunga hedi Jumatano. Vipimo vyote, silinda kwa silinda, nimeviandika kwenye karatasi na kumpa nakala, na nyingine nimempa mjomba wake. Iliwaka kwa starta yake, bila kuvutwa. Presha ya oili ikiwa ya moto inakaa juu ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Jumamosi ijayo analileta, tunakata filta ya oili kwa msumeno na kukunjua karatasi yake juu ya meza. Nimemwomba mzee naye aje aangalie kilichomo.