Arseniki na jeni: kwa nini maji ya kisima kimoja hayawadhuru wote sawasawa?

Arseniki hutoka wapi?
Ni sumu ya asili iliyo kwenye miamba, na huyeyukia katika maji ya ardhini. Haina rangi, harufu wala ladha, ndiyo maana mtu hunywa miaka mingi bila kushtuka. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa.

Mwili huifanya nini?
Kazi kubwa hufanyika kwenye ini. Kimeng'enya kiitwacho AS3MT huipachika arseniki kundi la methili (kipande kidogo cha kaboni na hidrojeni), nayo huwa kampaundi iitwayo kwa kifupi MMA. Kikiongeza kundi la pili, huwa DMA, ambayo figo huitoa kwa wepesi kupitia mkojo. Tatizo liko hapo katikati, kwa kuwa MMA ina aina yenye sumu kali sana. Wale ambao miili yao hubakiza MMA nyingi ndio hupata zaidi madoa na ugumu wa ngozi, na hatari yao ya saratani ya ngozi, kibofu na mapafu huwa kubwa zaidi.

Jeni zinaingiaje?
Maelekezo ya kutengeneza AS3MT, yaani jeni yake, yamo kwenye kromosomu ya 10, na hayafanani kwa watu wote. Mfano mzuri ni San Antonio de los Cobres, mji wa milimani kaskazini mwa Ajentina. Maji yake yalikuwa na takriban mikrogramu 200 kwa lita, na watu wameishi eneo hilo kwa maelfu ya miaka. Utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba aina za jeni hiyo zinazopunguza MMA zimeenea sana huko. Waliokuwa nazo waliishi na kuzaa, wakazirithisha.

Kwa hiyo wao hawadhuriki?
Wanadhurika. Kinga hiyo si kamili, na sumu ikizidi humshinda yeyote.

Nikapime jeni?
Hapana, pima maji, hasa ukitumia kisima karibu na migodi ya dhahabu kama ile ya Geita. Tafadhali usitegemee kuchemsha: maji yanapungua, arseniki inabaki. Kula pia mboga za majani na maharage, kwani foleti (vitamini B9) iliyomo husaidia ini katika kazi hii. Na ukitakiwa kupima mkojo, acha samaki na kamba siku chache kabla, maana wana arseniki isiyo na madhara inayoweza kuvuruga majibu.