Tatizo Hutangulia: Maana ya PBL katika Masomo ya Udaktari wa Meno

Juma lililopita, kwa mara ambayo sasa nimeacha kuihesabu, nilimsikia mhadhiri wa udaktari wa meno akieleza kwamba huwafundisha wanafunzi wake kwa PBL, yaani "problem-based learning": huwapa mihadhara minne kuhusu uozo wa meno, kisha huwaletea maelezo ya mgonjwa mwenye jino lililooza, nao hukaa katika vikundi kuamua watamtibu vipi. Ni ufundishaji mzuri, na wanafunzi wake bila shaka hunufaika nao, lakini jina alilolitaja ni la kitu kingine.

Kwa ufupi, herufi hizo tatu za Kiingereza ni kifupisho cha utaratibu wa masomo ambao ndani yake wanafunzi wachache, mara nyingi saba au wanane, hukutanishwa na hali ya mgonjwa kabla hawajafundishwa elimu inayoifafanua, wakajadili wanayoyajua, wakaorodhesha wasiyoyajua, wakaenda kuyasoma kila mmoja kwa juhudi yake, kisha wakarudi kuyaeleza mbele ya wenzao huku mwalimu akiongoza mazungumzo bila kutoa mhadhara. Fasili hiyo inatosha. Kinachopotosha ni neno "tatizo", na hasa tafsiri iliyozoeleka ya "kujifunza kwa kutatua matatizo".

Kiswahili chenyewe kingetusaidia kama tungekisikiliza. Tatizo limetokana na kitenzi tatiza, nacho kimetokana na tata, kwa maana ya kufungamana kama nyuzi zilizovurugika. Kwa hiyo tatizo, kwa asili yake, ni kile kinachokufanya utatizike. Tatua ni kinyume chake, kwa kiambishi kilekile kinachogeuza ziba kuwa zibua, jozi ambayo daktari wa meno hahitaji kufafanuliwa. Tukisema "kujifunza kwa kutatua" tumeuweka uzito wote kwenye kufumua nyuzi, ilhali walioanzisha utaratibu huu waliuweka kwenye kule kutatizika. Neno la Kiingereza, "problem", nalo lina asili ya Kigiriki, yenye maana ya kitu kilichotupwa mbele ya mtu, na zamani Waingereza walilitumia hata kwa kitendawili. Hapo ndipo ninapoliona jambo hili kwa uwazi zaidi, kwa kuwa hakuna bibi aliyewahi kuwaambia wajukuu zake jibu ni yai, akawaeleza sifa za yai kwa saa nne, halafu ndipo akawategea nyumba isiyo na mlango.

Kutangulia huko si pambo. Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton nchini Kanada, kilipowapokea wanafunzi wake 20 wa kwanza wa udaktari mwaka 1969, kiliachana na desturi ya kuwajaza sayansi za msingi kwa miaka miwili kabla ya kuwaonyesha mgonjwa. Howard Barrows, daktari wa mishipa ya fahamu aliyefundisha hapo, pamoja na Robyn Tamblyn, waliandika katika kitabu chao cha mwaka 1980 kwamba tatizo ndilo linalokutwa kwanza katika kujifunza. Maastricht, Uholanzi, iliyoanza mwaka 1974, iliupanga mwendo huo katika hatua saba, na inafaa kukumbuka kwamba tano kati ya hizo hukamilika kabla mwanafunzi hajafungua kitabu. Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi nacho kiliufuata katika udaktari wa binadamu. Vyuo vya meno vilichelewa kidogo: Malmö, Sweden, ilijenga mtaala wake wote juu ya msingi huu mwaka 1990, na Hong Kong ikafuata mwaka 1998.

Chukua mgonjwa huyu. Mwanamke wa miaka 27, mjamzito wa miezi mitano, anasema ufizi wake huvuja damu kila apigapo mswaki, na mama mkwe wake amemwambia asijali, kwani mtoto tumboni hunyonya kalsiamu ya meno ya mama. Kundi la mwaka wa kwanza, ambalo halijasoma lolote kuhusu ufizi, litaanza kwa kuikubali kalsiamu. Kisha mmoja atauliza kwa nini basi kinachovuja ni ufizi, si jino. Mwingine atauliza kama jino lililokwisha kukomaa linaweza kurudisha kalsiamu mwilini kama mfupa unavyofanya, na hapo mjadala utakwama, kwa sababu hakuna anayejua. Kukwama huko ndiko kulikokusudiwa. Orodha yao ya kwenda kusoma itakuwa na muundo wa ufizi na wa enameli, ukoga na bakteria wake, estrojeni na projesteroni, pengine na usalama wa eksirei na sindano ya ganzi kwa mjamzito. Watakaporudi watakuwa wamegundua kwamba jino halitoi kalsiamu yake kwa mtoto, na kwamba homoni huufanya ufizi uupokee kwa ukali zaidi ukoga uliokuwapo tangu awali.

Matibabu yenyewe, yaani kusafisha ukoga na ugaga na kumfundisha mama kupiga mswaki vizuri, yangeelezwa kwa dakika tano. Kama lengo lingekuwa kutatua, kikao chote kingekuwa upotevu wa muda. Vilevile, wanafunzi haohao wangetanguliziwa mhadhara kuhusu ufizi wa wajawazito, wangemtambua mwanamke huyu kwa sentensi ya kwanza, wakapata alama zote, na dai la mama mkwe lisingemsumbua yeyote.

Niongeze, kwa kuwa husahauliwa, kwamba hakuna kundi la majadiliano linaloufundisha mkono kuchonga jino. Kazi hiyo hubaki maabara, kwenye vichwa vya bandia, na chuo kinachoifanya hivyo hakijavunja kanuni yoyote. Wala kukaa duara hakutoshi. Kazi ya kundi ni kazi ya kundi tu.

Kwa hiyo, kwa mhadhiri niliyemtaja mwanzoni, ningependekeza kipindi chake akiite mafunzo kwa visa, jina lenye heshima yake na lisilohitaji kuazima la jirani. Akitaka lile jingine, hana haja ya kuandika upya hata ukurasa mmoja wa maelezo ya mgonjwa wake. Ayatoe Jumatatu, na ile mihadhara minne, ikiwa itakuwa bado inahitajika, ingoje hadi Alhamisi.